Mwelekeo wa simu unaporuka, kuhama au kugeuka kinyume: wapi pa kutafuta chanzo

Programu zinazotegemea mwelekeo wa simu, kuanzia dira na vipima mwinamo hadi michezo na ramani za nyota, huharibika kwa namna zinazofanana. Sindano ya dira inatetemeka. Picha inageukia upande usiotarajiwa. Pembe inasogea polepole ilhali simu imetulia mezani. Wengi tukiona hivyo hukimbilia kuweka kichujio cha kulainisha namba, na hapo ndipo saa nyingi hupotea, kwa sababu kichujio huficha dalili na kukiacha chanzo kilipo.

Vihisi vyenyewe ni nadra kuwa na kosa. Mara nyingi kosa liko katika swali ambalo hatukuuliza: pembe hii inapimwa kutokana na nini? Kutokana na kaskazini ya sumaku, kaskazini ya kweli, mahali simu ilipokuwa ilipowashwa, ukingo wa skrini, au kuta za simu yenyewe? Dalili nyingi zilizo hapa chini huisha mara tu swali hilo linapojibiwa.

Kwanza kabisa, chapisha namba mbichi

Zima vichujio vyote, ondoa ubadilishaji wote wa pembe, kisha andika kwenye logi x, y na z za akselerometa (kihisi cha mvutano na msukumo) kama zilivyotoka. Kwenye Android, mhimili wa x unatoka kushoto kwenda kulia kwa skrini, wa y unapanda kuelekea upande wa juu wa simu, na wa z unatoka kwenye skrini kumwelekea anayeitazama. Mihimili hiyo imefungwa kwenye mwili wa simu. Haizunguki hata skrini inapojigeuza.

Laza simu chali mezani, skrini ikitazama juu. Z inapaswa kuwa karibu 9.8, na x na y karibu sifuri. Isimamishe wima: sasa 9.8 ihamie kwenye y. Ilaze kwa ubavu wa kushoto: ihamie kwenye x, ikiwa chanya. Kwa ubavu wa kulia: x iwe hasi. Katika kila mkao, kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya namba hizo tatu kibaki karibu 9.8 simu ikiwa imetulia. Jaribio hili halimalizi dakika moja, na linakueleza kama tatizo liko kwenye kihisi au katika hesabu zako.

Ukija upande wa iPhone, usishtuke ukiona simu iliyolala chali ikitoa z ya −1. Core Motion, maktaba ya mwendo ya iOS, hupima kwa kizio cha mvutano wa dunia badala ya mita kwa sekunde mraba, na alama yake ni kinyume cha ile ya Android. Msimbo uliohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kugeuza alama hiyo hutoa mwinamo uliopinduka, na mtu anaweza kuutafuta kwa siku nzima kwenye hesabu za matriksi (majedwali ya namba yanayoeleza mzunguko) ambako haupo.

Namba zote ni sifuri, au hakuna kinachofika

Kama pembe tatu zote (dira, mwinamo na ubavu) ni sifuri kamili na hazibadiliki, kwa kawaida matriksi ya mzunguko bado ni tupu. Kwenye Android, `getRotationMatrix` hurudisha jibu la kweli au si kweli, na wengi hawalisomi. Hurudisha si kweli simu ikiwa katika hali ya kuanguka huru, au nguvu ya sumaku ikiwa karibu sambamba na mvutano. Vilevile hushindwa ukiiita kabla magnetometa (kihisi cha sumaku) haijatoa somo lake la kwanza, kwa sababu safu uliyoipa bado imejaa sifuri. Ikishindwa, matriksi huachwa ilivyokuwa, na `getOrientation` hupokea sifuri na kutoa sifuri. Dawa ni kusubiri vihisi vyote viwili vitoe angalau somo moja, na kutosonga mbele jibu likiwa si kweli.

Kuna kosa jingine la aina hii ambalo ni gumu kuliona. Kitu cha tukio kinachoingia kwenye `onSensorChanged` si mali ya programu yako. Mfumo unaweza kukitumia tena kwa somo linalofuata. Ukihifadhi rejeo la `event.values` badala ya kunakili namba zake, siku moja data ya akselerometa itajikuta na namba zisizo zake. Tumia `clone()` au nakili ndani ya safu yako mwenyewe.

Kama hakuna tukio hata moja linalofika, angalia haya kwa mfuatano. Je, `getDefaultSensor` imerudisha `null`? Basi kihisi hakipo. Je, programu iko mbele ya mtumiaji? Tangu Android 9, programu isiyoonekana haipokei masomo ya vihisi vya mfululizo kama akselerometa na jairoskopu (kihisi cha kasi ya kuzunguka). Kwenye iOS, je, `CMMotionManager` imehifadhiwa kwenye kigezo kinachoishi? Ikiundwa ndani ya funksheni na kuachwa, hufutwa funksheni inapokwisha na masomo yanakatika kimya kimya. Na simu ya kuigiza ya Xcode haitoi data ya mwendo, kwa hiyo huko huna cha kutafuta. Chukua simu halisi.

Kwenye kivinjari sababu ni nyingine kabisa. Tukio la `deviceorientation` linahitaji ukurasa uliofunguliwa kwa HTTPS. Tangu iOS 13, Safari hudai uite `DeviceOrientationEvent.requestPermission()`, na wito huo lazima utokane na tendo la mtumiaji kama kugusa kitufe. Ukiuweka ukurasa unapopakia, unakataliwa. Ukurasa wako ukiwa ndani ya fremu ya ukurasa wa tovuti nyingine, fremu hiyo nayo lazima ipewe ruhusa ya vihisi katika sifa ya `allow`. Na kompyuta isiyo na vihisi inaweza kutoa tukio moja lenye `null` katika pembe zake tatu, alpha, beta na gamma, kwa hiyo tukio kufika si ushahidi kwamba data ipo.

Kosa la nyuzi 90 au 180 kamili

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inajieleza yenyewe. Kelele za kihisi haziwezi kuzalisha kosa la nyuzi 90 kamili. Ukiona kosa hilo, acha kabisa kufikiria usahihi wa kihisi na utafute mihimili iliyobadilishana nafasi.

Chanzo cha kawaida ni skrini iliyogeuka. Mtumiaji ameshika simu kwa ulalo, mchoro umejigeuza kumfuata, lakini mihimili ya kihisi imebaki palepale. Pembe unayosoma inahusu ukingo mfupi wa simu, na unaichora kana kwamba inahusu upande wa juu wa skrini. Kwenye Android ubadilishaji unafanywa hivi:

```
val (ax, ay) = when (display.rotation) {
    Surface.ROTATION_90 ->
        SensorManager.AXIS_Y to SensorManager.AXIS_MINUS_X
    Surface.ROTATION_180 ->
        SensorManager.AXIS_MINUS_X to SensorManager.AXIS_MINUS_Y
    Surface.ROTATION_270 ->
        SensorManager.AXIS_MINUS_Y to SensorManager.AXIS_X
    else ->
        SensorManager.AXIS_X to SensorManager.AXIS_Y
}
SensorManager.remapCoordinateSystem(r, ax, ay, rMpya)
```

Mambo mawili yanawanasa hata waliokwisha kuandika hayo. La kwanza: usiamue kwamba mkao wa wima ndio mkao wa asili. Tableti kadhaa zimeundwa zikiwa na mkao wa asili wa ulalo, na kwao `ROTATION_0` ni ulalo. Uliza mzunguko wa skrini, wala usilinganishe upana na urefu wake. La pili: simu ikipinduliwa kutoka ulalo wa upande mmoja kwenda ulalo wa upande wa pili moja kwa moja, usanidi unabaki kuwa ulalo, kwa hiyo `onConfigurationChanged` haiitwi. Uliyehifadhi mzunguko mara moja mwanzoni utaona picha imepinduka nyuzi 180, na ukijaribu kwa kupitia wima kwanza hutaliona kosa. Soma mzunguko kila unapokokotoa, au sajili `DisplayListener`.

Kivinjari nacho hakikufanyii kazi hii. Alpha, beta na gamma zinahusu mwili wa kifaa. Pembe ya skrini iko kwenye `screen.orientation.angle` na ni juu yako kuijumuisha.

Chanzo cha pili cha nyuzi 90 ni tofauti kati ya mifumo. Katika vekta ya mzunguko ya Android, dunia imewekewa mhimili wa x kuelekea mashariki, y kuelekea kaskazini na z kwenda juu. Kwenye iOS, fremu ya marejeo iitwayo `xMagneticNorthZVertical` inaweka x kuelekea kaskazini, kama jina lake linavyosema. Maana yake, pale ambapo iOS inatoa mzunguko wa sifuri, upande wa juu wa simu unatazama magharibi. Anayeandika maktaba moja kwa mifumo yote miwili lazima ageuze robo duara mahali fulani, na ni heri afanye hivyo mahali pamoja palipoandikwa maelezo kuliko kutawanya `+ 90` kila kona ya msimbo.

Alama nazo zinatofautiana. Simu iliyosimama wima hutoa mwinamo wa karibu −90 kwa `getOrientation` ya Android, lakini beta ya kivinjari na mwinamo wa Core Motion hutoa +90. Tena alpha ya kivinjari huongezeka kinyume cha saa, wakati dira huongezeka kwa mwendo wa saa, kwa hiyo simu ikiwa imelala chali, na alpha ikiwa imeanzia kaskazini, pembe ya dira ni 360 kutoa alpha. Dira yako ikionyesha kaskazini na kusini sawasawa lakini mashariki na magharibi zimebadilishana, hapo ndipo pa kwenda.

Pembe zinaruka ovyo simu inaposimama wima

Mtumiaji ananyanyua simu ili kuitazama kupitia kamera, na ghafla pembe ya dira inaruka nyuzi 180, pembe ya ubavu inaruka nayo, kisha zinarudi. Kichujio hakiponyi hili, kwa kuwa hakuna kelele yoyote hapo.

Tatizo ni kueleza mzunguko kwa pembe tatu zinazofuatana. Mwinamo umewekewa mipaka kati ya −90 na 90. Simu inapokuwa wima kabisa, mhimili wa dira na mhimili wa ubavu vinakuwa mstari mmoja, na hakuna tena njia ya pekee ya kugawa mzunguko kati ya vyote viwili. Ukivuka wima kwa unywele tu, mwinamo unaanza kurudi nyuma na nyingine mbili zinafidia kwa kuruka nusu duara. Kihisabati jibu ni sahihi. Ni swali ndilo lisilofaa, kwa sababu umeuliza upande wa juu wa simu unaelekea wapi, nao unaelekea angani.

Kama programu inatumika simu ikiwa imesimama, uliza kamera ya nyuma inatazama wapi. Kwenye Android unaweza kutumia `remapCoordinateSystem` kwa `AXIS_X` na `AXIS_Z`. Njia ninayoiona safi zaidi ni kusoma matriksi yenyewe. Katika matriksi ya namba tisa inayotolewa na `getRotationMatrixFromVector`, safuwima ya tatu inaeleza mhimili wa z wa simu ukitazamwa kwa macho ya dunia: mashariki ni `r[2]`, kaskazini ni `r[5]`, juu ni `r[8]`. Kamera ya nyuma inatazama upande wa hasi wa mhimili huo, basi:

```
val dira = atan2(-r[2], -r[5])    // radiani
val kimo = asin(-r[8])            // chanya: inatazama juu
```

Mistari hiyo miwili haina mruko simu ikiwa wima. Itapoteza maana kamera ikitazama moja kwa moja juu au chini, lakini hapo hata binadamu aliyetazama utosi wa anga hawezi kusema anatazama kaskazini au kusini.

Kama unachohitaji ni kuzungusha kitu cha pande tatu kwenye skrini, usipite kwenye pembe kabisa. Chukua kwaternioni (namba nne zinazoeleza mzunguko mzima) au matriksi na uipeleke kwenye mchoro ilivyo. Hapa nako kuna mtego mdogo: vekta ya mzunguko ya Android hupanga namba zake x, y, z kisha w, ilhali `getQuaternionFromVector` hurudisha w ikiwa ya kwanza. Maktaba za michoro zimegawanyika vivyo hivyo. Kitu kinachozunguka kwa mhimili usioeleweka mara nyingi kinasumbuliwa na mpangilio huo tu.

Vivyo hivyo kwa michezo inayotaka kujua simu imegeuka kiasi gani tangu mchezaji alipoanza. Kutoa pembe za mwanzo kwenye pembe za sasa hufanya kazi kwa miinamo midogo na huvunjika kwa mikubwa. Zidisha kinyume cha kwaternioni ya mwanzo kwa ya sasa. Core Motion ina `multiply(byInverseOf:)` kwa kazi hiyo, na Android ina `getAngleChange`.

Sindano inazunguka duara zima inapopita kaskazini

Mtumiaji anageuka kidogo kutoka nyuzi 359 kwenda 1, na sindano inakimbia kurudi nyuma kupitia kusini. Wastani wa 359 na 1 kwa hesabu ya kawaida ni 180. Kichujio cha kulainisha kikiwekwa juu ya pembe kinafanya kosa hilohilo kila mara. Lainisha sini na kosini za pembe kando kando, kisha rudisha pembe kwa `atan2`. Kwa uhuishaji wa sindano, kokotoa tofauti ya pembe kisha iingize kati ya −180 na 180 kabla ya kusogeza. Anayelainisha kwaternioni akumbuke kwamba q na −q ni mzunguko mmoja. Kama zao la nukta la mbili zinazofuatana ni hasi, geuza alama ya moja kabla ya kuzichanganya.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha hujachanganya radiani na nyuzi. `getOrientation` hutoa radiani. Dira isiyozidi 3.14 kamwe imeshajieleza.

Mwelekeo unahama polepole simu ikiwa imetulia

Jairoskopu haipimi pembe. Inapima kasi ya kuzunguka, kwa radiani kwa sekunde, na wewe unajumlisha kasi hiyo mara muda ili kupata pembe. Kosa dogo la kudumu linajumlishwa pamoja nayo. Kosa la radiani 0.01 kwa sekunde, ambalo kwenye grafu ya namba mbichi unaweza usilione, ni nyuzi 0.57 kwa sekunde, yaani nyuzi 34 hivi kwa dakika. Hakuna kulainisha kunakoondoa hilo.

Kinachohitajika ni rejeo la kusahihisha. Mvutano unasahihisha miinamo miwili. Kwa pembe ya kuzunguka wima mvutano hausemi lolote, kwa hiyo akselerometa peke yake haiwezi kukupa dira hata uifanyie nini. Hapo ni magnetometa au kamera. Mfumo umeshaunganisha haya yote ndani ya `TYPE_ROTATION_VECTOR` kwenye Android na `deviceMotion` kwenye iOS, na ushauri wangu ni kuvitumia badala ya kuandika muunganiko wako mwenyewe, isipokuwa una sababu nzito.

Lakini chagua aina inayofaa. `TYPE_GAME_ROTATION_VECTOR` haitumii sumaku. Haisumbuliwi na vyuma vilivyo karibu, ila y yake haielekei kaskazini na inaweza kuhama baada ya muda. Ni nzuri kwa mchezo, haifai kwa dira. Kwenye iOS fremu ya `xArbitraryZVertical` iko hivyohivyo: inaanza popote. Ukiona dira yako inatoa kaskazini tofauti kila programu inapofunguliwa, huenda hukuchagua fremu, na ukapewa hiyo.

Unayejumlisha mwenyewe, kagua muda. Tumia `event.timestamp`, iliyo kwa nanosekunde, wala si saa ya simu wakati tukio linapokufikia. Ruka somo la kwanza lisilo na muda wa kulinganisha nao. Programu ikirudi baada ya kusimamishwa, futa muda wa zamani. Usipofanya hivyo, sekunde zote ilizokuwa imelala zitazidishwa kwa kasi ya somo moja na pembe itaruka mbali.

Dira imetulia vizuri, ila imekosea

Hapa ndipo kuna sumaku ya kweli au hesabu ya kijiografia, na ni muhimu kuvitenganisha.

Pima ukubwa wa nguvu ya sumaku kutoka x, y na z za magnetometa. Nguvu ya dunia ni kati ya mikrotesla 25 na 65 hivi, kutegemea mahali. Ukisoma 200, kuna sumaku karibu: kava yenye kifungo cha sumaku, spika, kishikizo cha gari, meza ya chuma. Hakuna msimbo utakaoitoa. Unachoweza ni kumwambia mtumiaji ukweli, na programu nyingi hazifanyi hivyo. Sikiliza `onAccuracyChanged`, na usahihi ukishuka mwombe azungushe simu hewani kwa umbo la nane. Mfumo hutumia mizunguko hiyo kukadiria sumaku ya vipande vya simu yenyewe na kuiondoa.

Kama unataka kuona kwa macho, zungusha simu polepole pande zote huku ukihifadhi masomo ya `TYPE_MAGNETIC_FIELD_UNCALIBRATED`, kisha yachore. Simu safi hutoa tufe lenye kitovu kwenye sifuri. Tufe lililosogea kando linaonyesha sumaku ya kudumu iliyofungwa kwenye simu. Tufe lililobonyea kuwa yai linaonyesha chuma kinachopinda nguvu ya dunia. La kwanza linasahihishwa kwa kutoa kitovu, la pili linahitaji matriksi. Kitu kilicho nje ya simu hakizunguki nayo, ndiyo maana umbo la nane halimsaidii aliyesimama kando ya nguzo ya chuma.

Ukubwa ukiwa wa kawaida na kosa likabaki lilelile kila upande unaogeukia, basi tofauti ni ya kaskazini mbili. Magnetometa huonyesha kaskazini ya sumaku, ramani hutumia ya kweli, na tofauti hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwenye Android, darasa la `GeomagneticField` hukupa tofauti ukilipatia latitudo, longitudo, mwinuko na wakati. Ongeza jibu lake kwenye pembe ya dira. iOS hufanya hivyo yenyewe katika `xTrueNorthZVertical`, lakini inahitaji kujua mahali ulipo. Mtumiaji akinyima ruhusa ya mahali, usibaki unaita pembe hiyo ya kweli.

Mwinamo unakosea mtumiaji akiwa mwendoni

Akselerometa haiwezi kutofautisha mvutano na kusukumwa. Gari linaloongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde mraba litaifanya simu iliyonyooka ionekane imeinama nyuzi 11.5 hivi, na kosa litadumu muda wote wa kuongeza kasi. Tumia mvutano uliokwisha kutenganishwa, yaani `TYPE_GRAVITY` au `deviceMotion.gravity`, ambao kwenye simu yenye jairoskopu unastahimili misukosuko mifupi. Mwendo mrefu wa kona au breki bado utaupotosha kidogo.

Kwenye simu moja ni safi, kwenye nyingine ni balaa

Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, na baadhi hazina hata magnetometa. Programu iliyoandikwa kwa simu kamili huanguka huko, au, vibaya zaidi, hutoa namba zisizo na maana. Panga ngazi: vekta ya mzunguko kwanza, ikikosekana `TYPE_GEOMAGNETIC_ROTATION_VECTOR` isiyotumia jairoskopu, ikikosekana nayo basi mwinamo tu, bila dira. Kama kihisi ni cha lazima kweli, kitangaze kwenye manifesti kwa `uses-feature`.

Baadhi ya simu za Android zimewahi kutupa kosa ndani ya `getRotationMatrixFromVector` zikipewa vekta yenye vipengele zaidi ya vinne, ingawa mfumo wenyewe hutoa vitano. Kipengele cha tano ni makadirio ya usahihi wa dira na hakihitajiki hapo. Nakili vinne vya mwanzo.

Kasi ya masomo nayo inatofautiana. Unayoomba ni pendekezo, na kila simu hujibu kwa kadiri yake. `SENSOR_DELAY_NORMAL` inalenga somo moja kila milisekunde 200, na hilo peke yake linatosha kufanya sindano ionekane nzito. Kwa dira inayochorwa jaribu `SENSOR_DELAY_GAME`, inayolenga milisekunde 20. Kuanzia Android 12 hupati zaidi ya masomo 200 kwa sekunde bila kutangaza `HIGH_SAMPLING_RATE_SENSORS`, na hata ukiitangaza, mtumiaji akizima maikrofoni kwenye swichi ya faragha ya simu kikomo kinarudi. Ripoti ya aina ya "ilikuwa haraka jana, leo ni polepole" inaweza kuwa swichi hiyo. Acha kusikiliza programu inapoondoka mbele ya mtumiaji, betri itakushukuru.

Kichujio, sasa

Namba mbichi zikiwa sahihi, mihimili ikiwa mahali pake na rejeo likijulikana, mtetemo mdogo utakaobaki ni kelele halali na sasa unaweza kulainishwa. Lainisha vekta au kwaternioni, kisha toa pembe mwishoni. Na usiandike kizidishi kimoja kisichobadilika kwa simu zote. Kichujio kinachounganisha jairoskopu na akselerometa kwa 0.98 na 0.02, kikipokea masomo 50 kwa sekunde, kina kumbukumbu ya karibu sekunde moja. Namba hizohizo zikipokea masomo 200 kwa sekunde, kumbukumbu inashuka hadi robo sekunde, na mitikisiko ya mkono inapenya. Amua kwanza muda unaoutaka, uuite τ, kisha kwa kila somo kokotoa kizidishi kuwa τ ÷ (τ + dt), dt ikiwa muda halisi uliopita tangu somo lililotangulia.